Ng'ombe Tuliyemficha

Nimechoka. Naanza na hilo ili mtu asije akadhani nina kinyongo na mjukuu wangu. Ntandu ni kijana mzuri, ananisalimia kwa adabu, ananiletea sukari na dawa ya kuchua miguu. Lakini tangu alipoanza kazi ya kuwazungusha wageni ziwani na mtumbwi wake wa injini, kila Jumapili wimbo ni ule ule: "Bibi, twende ukaone ndege. Umezaliwa hapa hapa Mwankoko, halafu unakataa hata kuzunguka mawe ya ziwa Singidani?" Namjibu kwamba magoti yananiuma. Yananiuma kweli, sisemi uongo, ila siyo sababu.

Juzi akaja na darubini imening'inia shingoni, akaivua akaniwekea mapajani wakati nachambua mlenda. Mkanda wake ulikuwa umelowa jasho, na ulinuka ziwa: ile harufu ya magadi na mavi ya ndege yaliyokaangwa na jua juu ya mawe. Ungo ukanitoka mikononi. Ntandu akanishika bega, akauliza kama ni presha. Nikamwambia ndiyo, ni presha, niletee maji.

Ninyi wa rika langu, mliovaa kaniki na kukimbia vumbi la lori la Bwana DC, mnaijua harufu hiyo, na woga wa siku zile mnaujua pia. Nawaandikia ninyi. Vijana watanicheka, na sina nguvu za kuchekwa.

Enzi hizo za Mwingereza nyumba yetu ilikuwa karibu kabisa na maji, upande ambao mawe makubwa yameingia ziwani yakawa visiwa. Tulikuwa wanne: Baba, Mama, mimi, na mdogo wangu aliyekuwa bado wa kubebwa mgongoni. Jina lake Ntandu. Naam, huyu mjukuu amerithi jina. Mama alipata homa kali baada ya kujifungua, na homa ilipoondoka ikaondoka na maziwa yake. Mtoto alipewa uji wa mtama akautapika. Akapewa mwepesi zaidi, akautapika nao. Kilichokaa tumboni mwake kilikuwa kimoja tu, maziwa ya Matone.

Matone alikuwa ng'ombe mwekundu mwenye madoadoa meupe mgongoni, kama mtu aliyenyunyiziwa chokaa. Hakuwa wetu. Alikuwa wa Mjomba, kaka yake Mama, aliyekaa Ulemo huko Iramba. Mnajua desturi ya kwetu: mtu mwenye akili haweki ng'ombe wake wote zizi moja. Mmoja anamfugisha shemeji yake, mwingine rafiki yake, ili ugonjwa ukiingia kwake asibaki mikono mitupu. Wewe unayefugishwa unakunywa maziwa na kuchukua mbolea. Ng'ombe na ndama ni wa mwenyewe. Na akifa mikononi mwako, unambebea mwenyewe ngozi, masikio yake yakiwa bado yamo ili alama ionekane, unakaa chini mbele yake unaeleza amekufaje. Usipopeleka ngozi, basi umemla. Mjomba alituletea Matone mara tu aliposikia dada yake hana maziwa, na ndama wake pia.

Kiangazi hicho ng'ombe karibu wote wa jirani walikuwa wamekauka. Matone peke yake ndiye aliyeendelea kutoa, kidogo, asubuhi na jioni. Mama alikuwa akisikia kwato zake anasema, "Mama yake Ntandu huyo anarudi." Aliyasema akitabasamu, lakini mimi nilikuwa namwona anavyofuta macho.

Halafu Wazungu wakaja. Mume na mke, na lori, na mtumbwi wa turubai uliokunjwa kama hema. Jumbe akafika kwetu kwa sababu Baba alikuwa ameishi ujanani kule ziwa Kitangiri akivua kambare, na watu wanaojua kupiga kasia hawakuwa wengi.

"Wanataka wazungushwe kwenye mawe," Jumbe alisema.

"Wanatafuta nini?"

"Kutazama ndege."

Baba akacheka mpaka akakohoa. "Jumbe, mimi ni mtu mzima."

"Na mimi nakupa nilivyopewa," Jumbe akajibu, lakini hata yeye alikuwa anaangalia pembeni.

Nani angeamini? Mtu atoke kwao, ng'ambo ya bahari, asafiri na sufuria zake na mpishi wake, alale kwenye hema aumwe na mbu, ili atazame ndege? Ndege sisi tulikuwa tunawatupia mawe wasile mtama. Na siku zile habari ilikuwa moja kila penye pombe: serikali inasema ng'ombe wa Singida wamezidi, wanamaliza majani, watapunguzwa. Watachukuliwaje, lini, hakuna aliyejua. Kilichojulikana ni kwamba kabla ya kuchukua, Mzungu hutazama kwanza.

Siku ya kwanza nilimpelekea Baba ugali wake ufukweni. Memsabu, mwanamke mwembamba mwenye kofia pana iliyofungwa kwa kitambaa, akaniona nimesimama, akanipungia mkono. Mpishi wao, mtu wa pwani aliyekuwa akitufasiria, akasema, "Anasema mtoto apande." Baba hakupenda. Lakini kipindi kile ulikataaje?

Hivyo nikapanda. Sikuwahi kukaa juu ya maji kabla ya hapo. Mtumbwi ule ulikuwa laini chini ya matako, unasikia ziwa likipita chini yako kama mgongo wa mnyama. Tulizunguka mawe polepole. Mnandi weusi walikuwa wametandaza mabawa wakijianika. Mwari, wale wakubwa wenye mfuko chini ya mdomo, walikuwa wamejaa juu ya jiwe la mbali na makinda yao, wanakoroma na kugombana kama watu kwenye mnada. Ng'ambo maji yalikuwa mekundu kwa heroe, wale wa miguu mirefu. Memsabu alikuwa ananong'ona tu, "Oo, oo," mkono kifuani. Mumewe akaeleza jambo kuhusu mawe na milima, na mpishi akatufasiria kwamba mlima Hanang, ule tunaouona siku isiyo na vumbi, zamani ulikuwa unatapika moto. Nikaweka kiganja juu ya jiwe tulipopita karibu. Lilikuwa la moto. Nikaurudisha mkono upesi, nikajua moto bado umo ndani, na nikashangaa watu wazima wanaupita wamekaa kimya hivyo.

Kisha mwari mmoja akaruka, akaelekea upande wa nyumba zetu. Mzungu akamfuata na darubini. Akaigeuza, akaigeuza, mpaka ikakaa sawasawa na zizi letu. Ikakaa hapo. Nikaona kasia la Baba limesimama, linatiririsha maji.

Memsabu akatuonea huruma, au labda aliona tunavyokodoa macho. Akachukua darubini akampa Baba aangalie. Baba akaangalia, akaishusha, akaangalia tena. Akanipa mimi.

Nikamwona Matone. Siyo kwa mbali, la! Alikuwa mbele ya pua yangu, ana nzi kwenye jicho, anacheua. Nikanyoosha mkono nimguse. Memsabu akacheka sana. Nilipoondoa darubini Matone hakuwepo. Nilipoirudisha, huyu hapa. Basi nikaelewa, kwa akili zangu za utoto, kwamba kile kidude kinavuta. Kinamtoa mtu au mnyama alipo na kumleta, na kikimaliza kumtazama kinamrudisha, lakini si mzima wote. Kitu kidogo lazima kinabaki mle ndani ya kioo. Nikawaonea huruma mwari.

Jioni Baba alimwambia Mama, "Wanaona mpaka nzi kwenye jicho."

"Ndege ndio wana nzi?"

"Ndege gani? Zizi, mke wangu. Wanatazama zizi."

Mama akamkumbatia mtoto. "Ni ng'ombe wa kaka yangu."

"Najua ni wa nani."

"Wakimchukua, huyu atakula nini?"

Kabla jua halijatoka Baba alikuwa ameshamswaga Matone na ndama wake mpaka kwenye pori la upande wa magharibi, ambako hakuna mtu alikuwa akichunga, na sababu ya kutochunga mnaijua: mbung'o. Baba aliijua kuliko nyinyi. Alijenga kiboma cha miiba, akawasha moto wa mavi ya ng'ombe ufuke moshi kufukuza wadudu, akasema siku chache haziwezi kumwua ng'ombe mwenye afya. Wazungu wangeondoka wiki hiyo hiyo. Majirani walipoona zizi letu tupu, nao wakahamisha ng'ombe wao, kila mtu kwa njia yake, na hakuna aliyemwuliza mwenzake.

Lakini Wazungu hawakuondoka.

Hapo ndipo ulipoanza uchovu ambao nadhani niliurithi. Baba aliamka jogoo wa kwanza, akaenda porini, akakamua, akarudi na kibuyu akitembea haraka ili maziwa yasichachuke, akakiweka mikononi mwa Mama, akashuka ziwani kupiga kasia mpaka jua linazama. Jioni porini tena. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mlevi. Mpishi alituhadithia kwamba Baba alisinzia na kasia mkononi, mtumbwi ukagonga jiwe, na memsabu badala ya kukasirika akammiminia chai yenye sukari nyingi.

Kila jioni Baba alimwuliza mpishi, "Wanaondoka lini?"

"Makinda ya mwari yakishuka majini. Memsabu anataka kuyaona yakiogelea."

"Niambie ukweli, ndugu yangu. Mimi nina mtoto mdogo."

"Wallahi ndio huo ukweli! Wanatazama ndege. Hata mimi nimechoka nao."

Baba akarudi nyumbani akasema mpishi yule amelishwa kiapo. Na kweli, kila siku darubini ilikuwa inageuka geuka, na kila siku kuna wakati ilielekea nchi kavu, kwa sababu ndege nao hawakai majini tu. Baba alirudi akitutajia imeelekea wapi. Leo kwa fulani. Leo kwa Jumbe. Leo upande wa pori. Siku aliyosema upande wa pori hakula.

Maziwa yakaanza kupungua. Kibuyu kilichokuwa kizito kikawa chepesi, Mama akawa anakitikisa kwanza kabla ya kufungua. Siku moja Baba alinichukua nimsaidie kumshika ndama, nikamwona Matone. Manyoya yamesimama, machozi yanatiririka, mbavu nje. Nilikuwa na jibu tayari. "Baba," nikasema, "ni ile darubini. Imemnyonya."

Baba alimfuta Matone jicho. Halafu akaniambia, "Ndiyo, mwanangu. Imemnyonya." Mimi nikafurahi, jamani, nikafurahi kwamba nimejua jambo la watu wazima.

Makinda yakashuka majini. Memsabu, nasikia, alilia kwa furaha. Wakakunja mtumbwi wao, wakampa Baba ujira wake na blanketi juu yake, wakaondoka na vumbi lao. Baba hakungoja hata vumbi litulie. Alikimbia porini kumrudisha Matone. Alimrudisha akimsukuma kiunoni. Ndama alishakufa. Matone alilala zizini upande mmoja, asubuhi hakuamka.

Ntandu mdogo kilio chake kilishakuwa chembamba. Mama alimtia maji ya kunde mdomoni kwa kidole. Baba akachuna ngozi, akaiacha na masikio, akaianika kidogo tu, akaikunja. Akaniambia nijiandae, twende Ulemo. Ng'ombe haswagwi na mtu mmoja, akasema, na alikuwa na matumaini kwamba Mjomba angetupa mwingine mwenye maziwa. Mama alisimama mlangoni. Hakulia. Alisema tu, "Mwambie kaka yangu hukumla. Mwambie ni Wazungu."

Njia ya Ulemo naikumbuka kwa harufu ya ngozi ile mabegani mwa Baba. Tulilala kwa watu, tukaamka, tukatembea. Alikuwa anasimama ghafla katikati ya njia, nafikiri alikuwa analala akitembea, nami namvuta shuka.

Mjomba alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole. Nikampa shikamoo, akaniwekea kichwani mkono wake mzito. Alipoona kile alichobeba Baba, akauondoa mkono. Baba akakunjua ngozi chini, akanyoosha masikio kwa vidole vyake ili alama ionekane, akakaa.

"Amekufaje?" Mjomba akauliza.

"Mbung'o."

"Mwankoko hakuna mbung'o."

"Nilimpeleka porini, shemeji. Nilimficha."

"Ulimficha asionwe na nani?"

"Wazungu. Wale wenye mtumbwi wa turubai. Walikuwa wanatazama mazizi kwa darubini, wakijifanya wanatazama ndege."

Mke wa Mjomba, aliyekuwa anatuletea maji, akasimama na kata mkononi.

"Memsabu mwembamba?" Mjomba akauliza taratibu. "Kofia imefungwa kitambaa?"

"Huyo huyo."

"Walipita hapa, shemeji, kabla ya kufika kwenu. Mimi mwenyewe ni mmoja wa waliowabebea mtumbwi mpaka Kitangiri. Nimekaa nao kule." Akashusha sauti, kama mtu anayetoa habari ya msiba. "Ng'ombe wetu walikuwa wanakunywa maji pale pale miguuni mwao. Hawakuwageukia hata mara moja. Ng'ombe mmoja alimzuia yule bwana asione ndege wake, akamfukuza kwa kofia. Shemeji, wale ni watu wa ndege. Ndege tu."

Baba alikuwa ameshika sikio la Matone. Hakuliachia. Akasema, "Ndege tu," kama mtu anayejaribu neno la lugha nyingine. Halafu akasema tena, "Ndege tu." Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani anacheka, nikatabasamu ili nicheke naye. Mke wa Mjomba akanivuta akanipeleka jikoni.

Mjomba hakumlaumu hata kwa neno moja. Hilo nalisema kwa heshima yake, Mungu amrehemu. Alitutolea ng'ombe mweusi aliyetoka kuzaa, na ndama wake, kesho yake asubuhi tukaondoka. Kabla ya kuagana Baba alimshika mikono yake yote miwili. "Shemeji, dada yako asijue." Mjomba akaitikia kwa kichwa.

Ng'ombe mwenye ndama mchanga hatembei haraka. Ndama analala, mama yake anasimama, nawe unasimama. Baba alimbeba ndama mabegani, pale pale ilipokuwa ngozi. Sikuwahi kumwona mtu akitembea namna ile, macho mbele tu. Nilimwambia mara moja kwamba darubini hawatakuwa nayo tena, wameshaondoka, huyu mweusi hatanyonywa. Alisema, "Funga mdomo, mwanangu, tutembee."

Tulipokaribia nyumbani tuliona watu wamekaa uwanjani. Walikuwa wameshamzika. Alizikwa jana yake mchana, nyuma ya nyumba, kadongo kadogo tu, hata mbuzi angeweza kukaruka.

Mama alikuwa amekaa chini amenyoosha miguu, mgongo wake hauna kitu. Akamtazama yule ng'ombe mweusi mwenye kiwele kimejaa. Akamtazama Baba. Akauliza swali moja.

"Wale Wazungu, walifika na kwa kaka yangu? Wamewachukua ng'ombe wake?"

Watu wote walimgeukia Baba. Na mimi nikamgeukia, kwa kuwa nilikuwa najua jibu, nilikuwa nimelisikia kwa masikio yangu.

"Wamewachukua," Baba akasema. "Wengi. Wamembakizia hawa wachache."

Mama akaitikia kwa kichwa, taratibu. "Basi ulifanya vema kumficha," akasema. "Angalau ulijaribu." Akaanza kulia, na Baba akakaa chini kando yake, vumbi la Ulemo bado liko miguuni mwake.

Mama aliishi mpaka akawa bibi kizee. Alihadithia habari hiyo kwa kila mtu, jinsi Wazungu walivyokuja na kioo cha kutazama mazizi na jinsi mume wake alivyowashinda akili, japo mtoto alipotea. Baba alikuwa akisikia habari inaanza anatoka nje. Hakuwahi kuniambia nisiseme. Sikusema. Mjomba naye hakusema, akazikwa nayo.

Sasa wote hawapo, nimebaki nayo peke yangu, na ni nzito, na kama nilivyosema, nimechoka.

Jana Ntandu alikuja tena. Sikusema magoti. Nilimwomba anishike mkono, tukashuka mpaka ukingoni, siyo zaidi. Akanivalisha mkanda wa darubini, akanionyesha pa kuzungusha. Kwanza niliielekeza zilipo nyumba, pale lilipokuwa zizi letu, nikakaa hapo muda mrefu, naona mabati ya watu na nguo zimeanikwa. Kisha nikaigeuza kwenye jiwe la mbali. Walikuwepo, na makinda yao.

"Unaona nini, Bibi?" akaniuliza, anacheka, mzima, mnene, ana jina lile.

"Ndege," nikamwambia. "Ndege tu."